Mikoa Sawa kwa Daraja: Je, Ni Sawa kwa Sauti?

Katika rasi ya Afungi, wilayani Palma, karibu na ncha ya kaskazini ya pwani ya Cabo Delgado nchini Msumbiji, kipo kijiji kiitwacho Quitunda. Kijiji hiki hakikuota polepole kama vinavyoota vijiji vya wavuvi, nyumba moja ikivuta nyingine kando ya minazi na kisima. Kilijengwa kwa mpango, nyumba zake zikapangwa kwa mistari, na mwaka 2019 familia za kwanza zikahamishiwa humo kutoka vitongoji jirani ili kupisha kiwanda cha gesi asilia. Tarehe 24 Machi 2021, magaidi walipouvamia mji wa Palma, maelfu ya raia walikikimbilia kijiji hicho hicho, kwa kuwa kilikuwa jirani na eneo la mradi lililolindwa na askari.

Tumfikirie mwenyeji mmoja wa Quitunda. Zamani alikuwa mvuvi na mkulima kwa wakati mmoja. Sasa anayo nyumba ya matofali, lakini pwani imekuwa mbali naye, na shamba alilorithi limebaki ndani ya ua wa mradi. Ana shauri lake. Je, alipeleke kwa nani? Kwa kiongozi wa kijiji? Kwa mkuu wa wilaya aliyeko Palma? Kwa Gavana aliyeko Pemba, ambaye amepatikana kwa kura? Kwa Katibu wa Dola, ambaye naye yuko Pemba, lakini ameteuliwa na Rais? Kwa ofisi ya kampuni iliyomjengea nyumba? Au afunge safari ya zaidi ya kilometa 2,000 kwenda Maputo, ambako mkataba wa gesi ulitiwa saini?

Swali hili laonekana dogo, bali ndani yake limo swali kubwa ambalo kila nchi changa ililazimika kulijibu siku bendera ya mkoloni iliposhushwa. Sehemu za nchi zipangwe katika madaraja gani? Na kila sehemu itawaliwe na nani, kwa niaba ya nani?

Sisi tulio katika utumishi wa jeshi hatukuzoea kuliacha swali la namna hii lipite. Tangu siku za mwanzo za mafunzo ya uofisa tulifundishwa kwamba mstari wa ramani ni kitu kimoja, na njia ya amri ni kitu kingine. Kombania inaweza kuonekana imekaa vizuri kabisa katika ramani, nayo ikaangamia kwa sababu haijulikani nani amwamuru nani. Kwa mtazamo huo huo twapenda kuichungua historia ya utawala wa mikoa ya Msumbiji, hadi tufike tena mlangoni pa mwenyeji wetu wa Quitunda.

NJIA MBILI

Nchi zilizopata uhuru katika karne ya 20 zilifuata njia mbili. Ya kwanza ni ya madaraja. India, katika katiba yake ya mwaka 1950, ilizigawa sehemu zake katika mafungu manne yaliyotambulika kwa herufi A, B, C na D. Yale yaliyokuwa majimbo ya Mwingereza yakawa na daraja lake. Zile zilizokuwa himaya za wafalme na masultani zikawa na daraja jingine. Sehemu ndogo zikatawaliwa kutoka makao makuu. Mpango huo haukudumu. Mwaka 1956 mafungu hayo yalifutwa na ramani ikachorwa upya, kwa kuangalia hasa lugha za wananchi.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki, mfano ulio wazi zaidi ni Uganda. Ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, Buganda ilikuwa na uhusiano wa shirikisho na serikali kuu, na Lukiiko yake ikawa na madaraka makubwa. Ankole, Bunyoro, Toro na Busoga zikawa na daraja la chini yake. Wilaya zilizobaki, kama Acholi, Lango, Teso na Karamoja, zilitawaliwa kwa mabaraza ya wilaya tu. Hivyo nchi moja ikawa na raia wa aina tatu mbele ya serikali yao wenyewe. Mwaka 1963 Kabaka Mutesa II akawa Rais wa nchi nzima, huku akiwa bado mfalme wa sehemu moja yenye upendeleo. Mwezi Mei 1966 jeshi likaishambulia kasri yake, na katiba ya mwaka 1967 ikazifuta tawala zote za kifalme.

Kenya nayo iliingia katika uhuru Desemba 1963 ikiwa na majimbo saba, mbali na eneo la Nairobi, kila jimbo likiwa na bunge lake. Majimbo hayo yalikuwa sawa kwa daraja. Hata hivyo mwaka mmoja tu baadaye, nchi ilipokuwa Jamhuri, madaraka yao yaliondolewa. Ilipita karibu nusu karne kabla katiba ya mwaka 2010 haijarudisha sehemu ya madaraka hayo kwa wananchi kwa njia ya kaunti 47.

Njia ya pili ni ya nchi isiyogawanywa kwa madaraja. Tanganyika iliondoa madaraka ya kiserikali ya machifu mwaka 1963, na mikoa yake yote ikawa mkono wa serikali moja. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975 ilifuata njia hii, nayo ikaishika kwa ukali zaidi. Ili tuuelewe ukali huo, yafaa kwanza tuutazame urithi iliopewa.

NCHI YA VIRAKA

Mreno hakuitawala Msumbiji kama nchi moja. Aliitawala kama nguo ya viraka. Mwishoni mwa karne ya 19 hakuwa na fedha wala askari wa kutosha wa kuishika ardhi yote aliyodai kuwa ni yake, hivyo akazikodisha sehemu kubwa kwa makampuni. Manica na Sofala zilipewa Kampuni ya Msumbiji, iliyotawala hadi mwaka 1942. Kaskazini, nchi yote ya kati ya Ruvuma na Lurio, yaani Cabo Delgado na Niassa, ilipewa Kampuni ya Niassa kwa hati ya mwaka 1891, ikatawala hadi mwaka 1929. Kampuni hiyo ilikuwa na polisi wake, ilitoza kodi ya nyumba, na ilikusanya watu kwa nguvu kwenda kufanya kazi ya mateka. Wengi walivuka Ruvuma na kukimbilia kaskazini ili kuiepuka. Kwa takriban miaka 40, basi, mwananchi wa Palma hakutawaliwa hasa na dola. Alitawaliwa na wenye hisa.

Pwani hiyo ina kiraka kingine tena. Ghuba ya Tungi, ambayo mji wa Palma uko kandoni mwake, ilikuwa chini ya maofisa wa Sultani wa Zanzibar hadi mwaka 1887 Wareno walipoitwaa kwa mizinga. Na Kionga, iliyo kaskazini mwa Palma karibu na mdomo wa Ruvuma, ilikuwa chini ya Wajerumani hadi mwaka 1916. Ina maana kwamba katika wilaya hii moja mzee angeweza kuzaliwa chini ya Sultani, akaoa chini ya Kampuni, akazikwa chini ya gavana wa kutoka Lisbon, naye hakuhama kijiji chake.

Chini ya wilaya Mreno alimweka chifu, ajulikanaye kwa Kireno kama régulo. Baadhi ya machifu hao walikuwa wa ukoo halali, na wengine waliwekwa na wakoloni wenyewe. Kazi yao ilikuwa kuhesabu watu, kukusanya kodi, kutoa vibarua na kusimamia pamba ya lazima. Wananchi waliwajua kwa kazi hiyo.

FUNZO LA VITA

Chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na vita vya ukombozi vilianza Chai, Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964. Sehemu zilipokombolewa, swali la utawala lilijitokeza hata kabla ya uhuru. Nani agawe mashamba? Nani auze korosho na ufuta, na anunue chumvi na nguo? Kazi hiyo iliangukia mikononi mwa wenyeviti wa Chama, na mkuu wao katika Cabo Delgado alikuwa Lázaro Kavandame.

Hapo ndipo ulipozuka mgogoro uliobaki katika kumbukumbu ya viongozi kwa muda mrefu. Kavandame na wenzake walitaka mkoa uwe na sauti yake, na biashara iwe chini yao. Makamanda walidai kwamba wenyeviti wanajitajirisha na kuugeuza mkoa kuwa milki. Ugomvi huo ulihusu pia kama vita ni vya nchi nzima au vya Cabo Delgado peke yake. Mkutano Mkuu wa pili, uliofanyika Matchedje, Niassa, Julai 1968, uliwaunga mkono wale waliotaka vita vya nchi moja. Februari 1969 Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu, na mwaka huo huo Kavandame alikwenda kujisalimisha kwa Wareno.

Viongozi waliobaki walitoka katika msukosuko huo na funzo moja lililowakaa rohoni: mkoa ukiachiwa mwenyewe, utazaa mtawala mdogo, na mtawala mdogo ataiuza nchi. Hatusemi kwamba funzo hilo lilikuwa la uwongo. Lilitokana na mambo yaliyotukia. Lakini twaona kwamba lilichukuliwa lote kwa jumla, bila kupepeta. Madai ya Kavandame ya kujinufaisha yalikuwa jambo moja. Haja ya wakulima ya kusikilizwa karibu na mashamba yao ilikuwa jambo jingine. Mambo hayo mawili yalizikwa katika kaburi moja.

DARAJA MOJA

Mwezi Mei 1975 Samora Machel aliingia Msumbiji kutoka Tanzania kwa njia ya Cabo Delgado, akasafiri nchi nzima hadi mji mkuu. Safari hiyo yenyewe ilikuwa tangazo kwamba nchi ni moja, kutoka Ruvuma hadi Maputo. Katiba iliyoanza kutumika siku ya uhuru iliigawa nchi katika mikoa, wilaya na kata. Zilizokuwa wilaya kumi za kikoloni zikawa mikoa kumi, zote za daraja moja. Hakuna mkoa uliokuwa na katiba yake, wala mfalme wake, wala mkataba wake na makao makuu. Baadaye jiji la Maputo likapewa hadhi ya mkoa, ikawa mikoa kumi na mmoja.

Kila mkoa ulipewa Gavana aliyeteuliwa na Rais. Gavana huyo alikuwa pia kiongozi wa Chama mkoani, hivyo serikali na Chama vilikutana katika mtu mmoja. Machifu walivuliwa madaraka. Mahali pao, vijijini na viwandani, viliwekwa vikundi vya uhamasishaji. Mwaka 1977 uchaguzi wa mabaraza ya wananchi ulifanyika kuanzia kata hadi taifa, na mwaka 1978 sheria mpya ziliunda serikali za mikoa na kuziondoa halmashauri za miji za kikoloni.

Tukiulinganisha mpango huu na ule wa Uganda, uzuri wake unaonekana mara moja. Hakukuwa na Buganda ya Msumbiji. Mmakonde wa Mueda, Mmwani wa Ibo, Mmakhuwa wa Nampula na Mshangana wa Gaza walisimama mbele ya sheria moja. Nchi iliyokuwa imekodishwa vipande vipande ikawa nchi moja kwa mara ya kwanza katika historia yake. Hilo si jambo dogo, na yeyote anayeudharau umoja huo hajui gharama yake.

Lakini ulikuwepo upungufu, nao haukuwa katika daraja. Ulikuwa katika njia ya amri. Njia hiyo ilikwenda upande mmoja tu, kutoka juu kwenda chini. Gavana alimjibu Rais; mkuu wa wilaya alimjibu Gavana; wa kata alimjibu wa wilaya. Hapakuwa na mtu aliyelazimika kumjibu mkulima. Baraza la wananchi lilikuwapo, ila wagombea wake walipendekezwa na mamlaka zile zile ambazo baraza lilipaswa kuzisimamia.

Athari zake zilionekana katika vijiji vya jumuiya. Cabo Delgado ilikuwa na vijiji hivyo vingi kuliko mkoa mwingine wowote, kwani watu wengi walikuwa tayari wamekusanywa na Wareno wakati wa vita, na wengine waliishi pamoja katika sehemu zilizokombolewa. Penye maji, shule na shamba lililo karibu, kijiji kilipendwa. Pale ambapo watu walihamishwa mbali na mashamba, mikorosho na makaburi ya wazee wao bila kuulizwa, kijiji kilichukiwa kimyakimya. Mtafiti Mfaransa Christian Geffray, aliyeichunguza wilaya ya Eráti mkoani Nampula, alieleza jinsi machifu waliodharauliwa na wakulima waliohamishwa walivyoupa uasi wa RENAMO nafasi ya kuingia. Ni kweli kwamba uasi huo ulianzishwa na kulishwa na maadui wa nje, Rhodesia kwanza na Afrika Kusini ya makaburu baadaye. Lakini mbegu ya adui haioti juu ya jiwe. Palipoota, palikuwa na udongo.

MAREKEBISHO NA MASHAKA YAKE

Tangu hapo Msumbiji imekuwa ikirekebisha njia hiyo ya amri, hatua kwa hatua. Katiba ya mwaka 1990 ilileta vyama vingi, na mapatano ya Roma ya tarehe 4 Oktoba 1992 yakamaliza vita. Sheria ya mwaka 1997 iliunda manispaa, na mwaka 1998 miji 33 ilichagua viongozi wake. Katika Cabo Delgado miji hiyo ilikuwa Pemba, Montepuez na Mocímboa da Praia, Palma haikuwamo. Mwaka 2000 amri ya serikali iliwatambua tena viongozi wa jamii, wakiwamo machifu. Mwaka 2003 wilaya ilitajwa kuwa msingi wa mipango ya maendeleo, na kuanzia mwaka 2006 kila wilaya ilitengewa fungu lililojulikana kama milioni saba.

Yafaa tuone kwamba hapa madaraja yalirudi kwa mlango wa nyuma. Raia wa mji wenye manispaa alimchagua meya wake, ilhali raia wa wilaya isiyo na manispaa alipelekewa mkuu wa wilaya aliyeteuliwa. Mikoa ilibaki sawa. Wananchi hawakubaki sawa.

Mwaka 2015 RENAMO ilipeleka bungeni muswada wa kuipa mikoa madaraka yake, baada ya kudai haki ya kuitawala mikoa sita. Muswada huo ulikataliwa. Mazungumzo kati ya Rais Filipe Nyusi na Afonso Dhlakama yalizaa mabadiliko ya katiba ya mwaka 2018. Kwa mabadiliko hayo, Gavana hupatikana kwa kura: aliye kinara wa orodha iliyopata kura nyingi zaidi za baraza la mkoa ndiye anayekuwa Gavana. Kura ya kwanza ya namna hiyo ilipigwa Oktoba 2019.

Hata hivyo, katika mabadiliko hayo hayo iliwekwa nafasi nyingine mpya, ya Katibu wa Dola katika mkoa, anayeteuliwa na Rais. Gavana husimamia mambo kama kilimo, uvuvi, afya na elimu ya msingi. Katibu wa Dola huisimamia kazi ya serikali kuu. Ulinzi, kodi za taifa, na maliasili zilizo ardhini na baharini zimebaki kwa serikali kuu. Uchaguzi wa wilaya uliotazamiwa mwaka 2024 uliondolewa katika katiba mwaka 2023, kwa maelezo kwamba wakati haujafika.

Katika jeshi kuna kanuni iitwayo umoja wa amri. Askari hapokei amri kutoka kwa makamanda wawili walio sawa, kwa sababu siku amri zao zitakapogongana, ama hatatii yeyote, ama atatii ile iliyo nyepesi. Utawala wa raia si kambi, nasi hatutaki uwe kambi. Lakini kanuni hiyo ina mafunzo hata nje ya kambi. Mkoa wenye wakuu wawili, mmoja akiwa na kura za wananchi na mwingine akiwa na imani ya Rais, ni mkoa ambao kila mkuu ana sababu nzuri ya kumwambia mwananchi: shauri lako si langu, nenda kwa mwenzangu.

TURUDI QUITUNDA

Sasa tumrudie mwenyeji wetu. Gesi katika bonde la Ruvuma, chini ya bahari ya Palma, iligunduliwa mwaka 2010. Mwaka 2012 mradi ulipewa haki ya kutumia takriban hekta 7,000 za ardhi ya Afungi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1997 yasema ardhi ni mali ya Dola, lakini yatambua haki ya jamii iliyoikalia kwa desturi, na yataka jamii iulizwe. Sheria hiyo hiyo yaweka ngazi za kutoa ardhi: Gavana hadi hekta 1,000, waziri hadi hekta 10,000, zaidi ya hapo, Baraza la Mawaziri. Msomaji na apige hesabu. Ardhi ya Afungi ilikwisha kumpita Gavana kimo kabla hajainua kalamu. Mkoa ulikuwa sawa na mikoa mingine yote, na kwa usawa huo huo haukuwa na neno la mwisho juu ya ardhi yake yenyewe.

Uhamisho wa watu nao unayo kanuni yake ya mwaka 2012, ambayo yadai wahamishwaji wapate hali iliyo sawa na ile ya zamani au iliyo bora zaidi. Nyumba zilijengwa, na twakiri kwamba ni nyumba imara kuliko nyingi za zamani. Lakini hali ya mtu wa pwani si nyumba peke yake. Ni nyumba, shamba, ufuko na jirani. Katika mgawanyo wa kazi uliotokana na mwaka 2018, wavu wa mvuvi wa Quitunda ni wa Gavana, kwa kuwa uvuvi mdogo ni wa mkoa. Bahari mbele ya kiwanda ni ya serikali kuu. Nyumba ilitoka kwa kampuni. Kiongozi wa kijiji anatambuliwa kwa amri ya mwaka 2000. Mkuu wa wilaya ameteuliwa na serikali kuu. Mwaka 2020 iliundwa pia wakala ya kuendeleza mikoa ya kaskazini, yenye makao yake Pemba. Kila mmoja ana kipande cha mtu huyu, na hakuna aliye na mtu mzima.

Hapo ndipo jambo hili linapokuwa la usalama. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, magaidi walipoishambulia Mocímboa da Praia, Cabo Delgado imeona mauaji na mamia ya maelfu ya wakimbizi. Baada ya shambulio la Palma kampuni iliyouongoza mradi ilitangaza, Aprili 2021, kwamba haiwezi kutekeleza mkataba kwa sababu iliyo nje ya uwezo wake. Julai 2021 majeshi ya Rwanda na ya nchi za SADC, yakiwamo ya Tanzania, yaliingia kusaidia, na mwezi uliofuata Mocímboa da Praia ilikombolewa. Jeshi linaweza kuukomboa mji kwa siku chache. Haliwezi kusikiliza kesi ya shamba. Doria hupita kijijini asubuhi na kuondoka; mgogoro wa shamba hulala kijijini. Kijana aliyeona baba yake akizungushwa ofisi tano bila jibu hujawa na uchungu, na mshawishi mwovu hahitaji zaidi ya uchungu huo ili apate pa kuanzia. Hatumhesabii haki gaidi yeyote. Aliyeua raia wa Palma ni muuaji. Tunalosema ni kwamba penye kimya cha mwenye mamlaka, adui hupaza sauti.

NINI KIFANYIKE

Wapo watakaosema: kwa kuwa gesi iko Palma, basi Cabo Delgado ipewe daraja lake la pekee, kama Buganda ya zamani. Hatukubaliani nao. Mkoa utakaopewa upendeleo kwa sababu ya gesi utawafundisha wengine kudai upendeleo kwa sababu ya makaa ya mawe ya Tete au bandari ya Beira, na nguo ya viraka itarudi. Mapato ya gesi ni ya Wamsumbiji wote, akiwamo yule wa Gaza asiye na gesi.

Wapo pia watakaosema: wakati wa vita amri iwe moja, na moja hiyo iwe Maputo. Hoja hii ina uzito, nasi kwa kazi yetu twaijua. Lakini hata jeshini umoja wa amri haumaanishi kwamba kila neno litoke makao makuu. Maana yake ni kwamba kila jukumu lina mwenyewe mmoja, anayejulikana, mwenye uwezo wa kuamua mambo ya ngazi yake. Kamanda wa platuni hasubiri simu ya jenerali ndipo ahamishe mlinzi mmoja.

Kwa hiyo mawazo yetu ni haya. Usawa wa mikoa uliotangazwa mwaka 1975 ulindwe. Lakini kila shauri linalotokana na uhamisho liwe na ofisi moja wilayani, yenye jina, yenye mamlaka ya kuamua juu ya fidia, shamba na njia ya kwenda baharini, na yenye muda maalumu wa kujibu. Wakubwa wawili wa mkoa wagawane kazi mbele ya wananchi kwa maandishi yanayosomeka, katika lugha zinazosemwa Palma: Kimwani, Kimakonde, Kimakhuwa na Kiswahili. Na wakati wa Palma na wilaya kama hiyo kumchagua mkuu wake usiahirishwe bila kikomo. Machi 2025 serikali na vyama vya siasa vya Msumbiji vilitia saini makubaliano ya mazungumzo ya kitaifa kuhusu mageuzi ya dola. Hapo ndipo mahali pa kuliweka shauri hili mezani.

India iliziondoa herufi zake nne baada ya miaka sita. Uganda iliyaondoa madaraja yake kwa mizinga. Kenya iliyafuta majimbo, kisha ikaja na kaunti. Msumbiji, ambayo haikuwa na madaraja ya kufuta, imebakiwa na kazi iliyo ngumu zaidi: kuhakikisha kwamba mikoa iliyo sawa katika katiba ina wananchi wanaosikika sawa. Kazi hiyo haitapimwa Maputo wala Pemba. Itapimwa Quitunda, siku mvuvi mmoja atakapotoka nyumbani kwake asubuhi na shauri lake, na akarudi jioni ya siku hiyo na jibu lililotiwa saini na mtu anayemjua kwa jina.